Jina la Mdogo Wangu

Wa kuitikia salamu waitikie, wa kusema amina waseme, na mliokuja kwa ajili ya chai na mahamri nimewaona pia, karibuni.

Naomba nizungumze nikiwa nimesimama. Nikiketi kwenye madawati haya ya watoto, mguu wangu wa kulia unakwama, halafu mtatafuta wanaume wawili wa kuninasua. Na sitataja jina la mtu wala la hospitali. Garsen ni ndogo na masikio yake ni makubwa.

Mkutano uliopita mwenyekiti alisema sisi wenye wagonjwa wa siko seli, ugonjwa huu wa damu, tunahitaji mtu wa kufuatana nao kazualti, kule kwa wagonjwa wa dharura, mtu anayeijua milango ya pale na watu wake. Akanitaja mimi. Mama mmoja akainuka, leo namwona kakaa pale dirishani, akasema, "Tangu lini paka akapewa samaki awalinde?" Mkacheka. Nami nilicheka, kisha nikaenda nyumbani nikalia mpaka kichwa kikauma. Lakini mama hakukosea. Alitaja jambo ambalo wengi wenu mnalinong'ona. Basi leo paka mwenyewe ameomba nafasi aeleze, halafu mtaamua kama mnampa samaki au hamumpi.

Mnanijua kwa kambare wa kukaanga pale stendi. Asubuhi moja nilikuwa natoka Minjila kwa pikipiki, beseni langu mapajani, ndama akaamua kuvuka barabara. Dereva akamkwepa ndama, lakini mtaro hakuukwepa. Ndama alikwenda zake mzima, labda sasa ana wajukuu. Mimi paja likavunjika.

Hospitali wakanidunga sindano ya mofini. Ndugu zangu, nitasema kweli hata ikiwaudhi: ilikuwa tamu. Haikutuliza mguu peke yake. Mume wangu alikuwa amekwenda Mpeketoni kutafuta kazi, akapata kazi na akapata na mke, na uchungu ule nilikuwa naubeba popote niendapo. Sindano iliuchukua nao ikauweka kando. Nililala kama mtoto aliyeshiba. Simlaumu aliyenidunga. Mfupa ulikuwa umevunjika, naye alifanya kazi yake.

Nikarudi nyumbani na vidonge vya tramadoli. Nilikuwa nameza kimoja, nikaanza kumeza viwili, nikafika pa kumeza bila kuhesabu. Vilipokwisha nikanunua dukani, mpaka mwenye duka akanitazama usoni akasema, "Mama, hivi sikuuzii tena." Nikamtukana. Leo nikipita pale humpa samaki wa bure, naye hajui kwa nini.

Nilipokosa vidonge, mwili ulinigeuka. Miayo, machozi, makamasi, tumbo kuhara, ngozi kusimama vipele vya baridi katika joto la Garsen ambalo hata mijusi hutafuta kivuli. Mama yangu alisema ni malaria. Haikuwa malaria. Jirani akasema ni jini, nikaandikiwa kombe la aya nikanywa, nikatapika, watu wakashukuru kuwa jini limetoka. Jioni likarudi, tena lina njaa. Mimi peke yangu ndiye niliyelijua jina lake, na sikumwambia mtu.

Nikaenda kazualti nikasema mguu unaniua. Wakapiga picha. Daktari akaiinua dirishani, akafurahi kwa ajili yangu, akasema, "Mfupa umeunga vizuri kabisa, mama." Nawaambia, sijawahi kupewa habari mbaya kama ile.

Ndipo nikamkumbuka mdogo wangu.

Wengi wenu mnamjua, ndiye yule aliyekaa nyuma karibu na mlango. Ana siko seli tangu utotoni, nyumbani kwetu Chara. Alipokuwa mdogo alilia sana, akaona kilio kinamchosha yeye na kinamtia mama hofu, akakiacha. Sasa akishikwa na maumivu ya mifupa, hutabasamu. Huuliza habari za watu, huuliza kama mpunga umetoka, na polepole huitia ncha ya leso mdomoni akaitafuna. Wageni humwona mzima. Sisi wa nyumbani tukiona leso imeingia mdomoni, tunakimbilia mtumbwi.

Nilimwambia mdogo wangu, nipe kadi yako ya kliniki nikuhifadhie, huku mafuriko yataiharibu. Akanipa, akanishukuru. Nikaenda nayo hospitali, nikajiita kwa jina lake.

Mara ya kwanza nilijaribu kuumwa kama anavyoumwa yeye. Nikakaa kimya, nikatabasamu, nikatafuna leso. Wakanipa panadoli wakaniambia niende nyumbani. Nikaona maumivu ya kweli hayanunuliki pale. Basi nikajitungia yangu. Nilijizoeza jikoni, mlango nimeufunga. Mara ya pili nilijitupa sakafuni, nikapiga kelele, nikaita marehemu wa ukoo mmoja baada ya mwingine, nikamshika muuguzi koti. Watu kwenye foleni wakalia kwa kunihurumia. Nikapata sindano.

Nikafanya hivyo Garsen, nikafanya hivyo njia ya Hola, nikafika mpaka Malindi. Huku nimevaa buibui, kule nimejifunga leso. Lakini njia ya mwongo ni fupi. Wauguzi wakaanza kuambizana. Wakanipa jina, Mama Sindano, na wakaambizana na lile jina la kwenye kadi: akija mwanamke wa Chara anayejiita hivi, msimpe, ana uraibu huyo. Nilipoona jina limechakaa nikalitupa, nikachukua jingine. Sikufikiri kwamba mwenye jina bado analivaa.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nilipovunjika mara ya pili, na mara hii haukuwa mguu.

Ilikuwa asubuhi, baada ya mvua za baridi. Nimekaa kwenye benchi la kazualti, nimevaa nikabu, nina jina jipya, nangoja zamu ya kujitupa sakafuni. Daktari alikuwa kijana mgeni, nami nilikuwa nimemfurahia kwa sababu hiyo. Mlango ukafunguka, nikamwona mama yangu. Amemshika mdogo wangu kiunoni. Walikuwa wametoka Chara kwa mtumbwi, kisha pikipiki, matope mpaka magotini. Mdogo wangu anatabasamu. Ncha ya leso imo mdomoni.

Mama akataja jina. Daktari akainua uso. "Jina hili nimeambiwa," akasema. "Ni wewe unayezunguka hospitali zote kutafuta sindano?"

Mama akasema, "Daktari, mwanangu huyu hata kutoka Chara ni shida. Azunguke kwa miguu ipi?"

"Wenye siko seli nawajua, mama. Wakishikwa hulia mpaka barabarani wakasikika. Huyu anacheka."

Mmesikia? Wenye siko seli hulia. Nani aliwafundisha wauguzi wa pale, nao wakamweleza mgeni, kwamba hulia hivyo? Mimi, sakafuni, na marehemu wangu wote. Maumivu yangu ya uongo yalikuwa yameshakuwa mizani, na ya mdogo wangu yakapimwa humo yakaonekana mepesi.

Akapewa panadoli, akaambiwa akae angoje. Na benchi lilikuwa moja. Akaja akakaa kando yangu. Nikainamisha uso, nikavuta miguu chini ya buibui, lakini kovu la mguu huu analijua, ndiye aliyelikanda mafuta miezi yote niliyolala. Akaitoa leso mdomoni. Akaniambia polepole, mama asisikie, "Dada, mguu umeanza tena? Pole. Wakikuita wewe kwanza, tangulia, mimi nitavumilia."

Nikamtazama macho. Yalikuwa ya manjano kama binzari. Na bado ananiachia zamu.

Ndugu zangu, sitawadanganya kwamba nilisimama pale pale kama shujaa. Nilikuwa na arosto, ile njaa ya dawa, mwili wote unaniambia nyamaza, nyamaza, zamu yako imekaribia. Nikahesabu waliokuwa mbele yangu. Ndiyo, nilihesabu! Nilikuwa wa tatu. Mdogo wangu akaegemeza kichwa begani kwangu, akaanza kupumua kwa vipande vipande, na hapo ndipo uoga mwingine ulipoushinda ule wa kwanza. Nikafunua nikabu mbele ya watu wote.

Nikasema, "Daktari, Mama Sindano ni mimi. Jina nililiiba. Mwenye jina ni huyu, na anakufa hapa kwenye benchi lako. Mtazame macho."

Mama yangu alinitazama jinsi ambavyo sitaki kutazamwa tena maishani. Daktari akaja mbio, akavuta kope la mdogo wangu, akaita machela. Mtendeeni haki kijana yule: hakubishana nami hata neno moja. Walimwekea maji, wakampa oksijeni, wakampa na ile sindano. Ilikuwa yake kwa haki, na nilisimama mlangoni nikaiona ikiingia. Nitawaambia jambo la aibu: hata saa ile niliitamani.

Nikageuka nitoke. Muuguzi mmoja, mama mtu mzima ambaye nilishamdanganya mara nyingi, akanishika mkono. Nikajua anaita polisi. Akasema, "Unakwenda wapi? Huyo ametibiwa. Bado wewe."

Nikamwambia, "Sista, mimi siumwi."

Akasema, "Unaumwa sana. Ila hujawahi kutuambia unaumwa nini."

Basi nikamwambia. Ile miayo, yale makamasi, jini na kombe. Alisikiliza yote amesimama, kisha akanieleza kwamba ugonjwa huu una jina, una dawa, na kliniki yake iko Malindi. Nikakaa kwa shangazi huko. Kila asubuhi nilikwenda kunywa dawa ya kikombe, metadoni, mbele ya muuguzi, pamoja na vijana wa ufukweni wenye matusi mengi na roho nzuri. Haikuwa rahisi. Nilianguka mara moja, nikanunua vidonge kwa mtu, nikakaa siku kadhaa nimejifungia. Aliyekuja kunigongea ni mdogo wangu, amesafiri na mifupa yake hiyo. Hakunisema. Alisema, "Vaa viatu, kliniki haijafungwa." Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nikavaa viatu.

Leo nimerudi kwenye karai langu. Mwaka huu niling'olewa gego, na kabla sijafungua mdomo nilimwambia daktari, "Mimi nina historia na dawa kali, nipe ile ya ganzi tu, na nikikuomba nyingine ukatae." Iliuma. Nilirudi nyumbani inauma, nikalala inauma, kukapambazuka. Mjue hayo ni maumivu ninayojivunia.

Na nilikwenda hospitali zile zote, moja baada ya nyingine, kulirudisha jina. Kila mlango nilisema: mimi ndiye, si yeye. Wengine walinifukuza kabla sijamaliza. Nikarudi kesho yake. Sasa akifika mdogo wangu, hakuna anayemuuliza mbona hulii.

Namshukuru mama yangu, ambaye ilimchukua muda kula samaki wangu tena. Namshukuru sista yule aliyeniona mgonjwa wakati mimi nilijiona mwizi. Yote mawili yalikuwa kweli, nilikuwa mgonjwa na mwizi, lakini yeye alianza na mgonjwa. Mdogo wangu sina shukrani ya kumtosha.

Nanyi nawaachia neno moja. Daktari mmoja aliniambia kwa mzaha, wewe uliyejua kuigiza, njoo utusaidie kutambua waongo. Nilikataa, na nitakataa siku zote. Adhabu ya kaburi aijuaye ni maiti. Siwezi kupima maumivu ya mtu kwa kumtazama, na hakuna awezaye. Ninachoweza ni kusimama kando ya mgonjwa nikasema, "Huyu mimi namjua, hivi ndivyo anavyoumwa." Kwa hivyo nileteeni watoto wenu nikae nao, nijue nani hulia, nani hunyamaza, nani huanza kuimba. Na mwenye mtu wa nyumbani mwenye miayo ile na makamasi yale, anifuate pembeni. Sitamcheka.

Nilikuwa nimepanga kumalizia kwa dua. Lakini tangu niingie humu mdogo wangu ananitabasamia kule nyuma, na mlidhani anafurahia ushuhuda. Nilidhani hivyo na mimi. Sasa mtazameni mkono wake wa kushoto. Leso imeshapanda mpaka kidevuni.

Mwenyekiti, utatusomea dua sisi tukiwa njiani. Nipisheni. Na wewe mama wa dirishani, uliyeuliza habari ya paka, njoo umshike mkono huu, mimi nimshike ule. Twende naye wote wawili, ukanione nikifika mlangoni pa kazualti.