Wimbo Niliomtungia Chengo

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Na nyinyi mliokaa kule mlangoni, msijione mko mbali, Bwana asifiwe na kwenu pia. Wengi wenu mnanijua: Mama Sidi, muuza mahamri na mbaazi wa hapa hapa Changamwe. Mdomo wangu nao mnaujua. Leo nimesimama kuwaambia mdomo huo ulinifikisha wapi, na Yesu alinitoa vipi.

Mimi nimezaliwa Rabai. Nilikuja huku nikiwa mke wa mtu, mume akafariki, nikabaki na karai langu la kukaangia. Kila Jumamosi alasiri nilikuwa nikiweka meko yangu kando ya uwanja wa mpira. Na mpira niliupenda! Mchezaji akikosea, nilimtupia neno moja tu, na upande mzima wa uwanja ukaanguka kwa kicheko. Nilijiona malkia, ndugu zangu. Kanisani nilikuwa nakuja, naam, lakini moyo wangu ulikuwa kule uwanjani.

Timu yetu ilikuwa na mfungaji anaitwa Chengo, mpakia mapipa kwenye maghala ya mafuta. Ukoo wa baba yangu na ukoo wa baba yake ni watani tangu enzi za mababu. Mnaojua utani mnajua mambo yake: mtani akikutukana, wacheka. Ukikasirika, mwenye makosa ni wewe. Siku ya kumzika babake Chengo mimi niliingia kaburini nikalala, nikasema sitoki mpaka nipewe kuku, na wafiwa wakacheka huku machozi yanawatoka. Utani wetu ulikuwa ndio huo, na ulikuwa mzuri.

Basi mwaka ule kabla ya Uhuru, mpira ukamkataa Chengo. Mwaka uliotangulia watu walikuwa wakimbeba mabegani. Sasa akipewa pasi, mguu unachelewa. Akibaki na kipa peke yao, anapiga nje. Timu ikashindwa na Kisauni, ikashindwa na kila mtu. Siku tuliyocheza na timu ya Likoni tukapata penalti, dakika zimekwisha. Chengo akaupiga juu, mpira ukaenda kutua vichakani. Mimi hapo, kijiko cha kugeuzia mahamri kiko mkononi, nikaimba:

"Lango li hapa Changamwe, Chengo apiga Mtongwe!"

Watu walivunjika mbavu! Mtongwe, ng'ambo ya maji! Wakaudaka wimbo, wakaupigia makofi, wakaimba mpaka wachezaji wakatoka uwanjani. Chengo mwenyewe alikuja kwenye meko yangu, akacheka, akala hamri moja, akaniambia mtani wewe utakufa na ulimi nje. Nikaona mambo sawa.

Kosa langu lilikuwa hapo, ndugu zangu. Utani ni wangu na Chengo. Wale mamia ya watu hawakuwa watani wake. Mimi niliwapa tusi ambalo kwangu lina kinga, nao wakalichukua bila kinga yake. Wiki mbili hazikupita, mataniboi, wale wasaidizi wa malori, wakawa wanaliimba barabarani, wapakiaji wenzake wanaliimba kazini, akiingia uwanjani anarushiwa maganda ya machungwa. Na yeye kila akinikuta lazima acheke, kwa sababu mimi ni mtani. Kicheko chake kilikuwa kinakonda, nami nilikiona kinakonda, nikaendelea.

Halafu watu wakaongeza ubeti. Chengo na mkewe Dama walikuwa na miaka mitano katika ndoa, hawajajaliwa mtoto. Ubeti wenyewe siwezi kuutamka mbele ya madhabahu. Ulisema kwamba hata nyumbani kwake hafungi. Sikuutunga mimi, lakini sauti ilikuwa ni ile ile yangu.

Asubuhi moja tulikuwa kwenye foleni ya bomba la maji. Dama akaja na debe lake, akasimama nyuma. Mwanamke mmoja akaanza kuuvumisha ule wimbo puani, bila maneno. Mwingine akaupokea. Dama hakuwatazama wao. Alinitazama mimi. Neno moja tu langu lingewanyamazisha, maana walikuwa wananiogopa. Nami nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka! Dama akaliacha debe lake pale pale, tupu, akaenda zake. Siku ile ile akafunga nguo zake katika leso, akarudi kwao Mwakirunge.

Jumamosi iliyofuata Chengo hakuja uwanjani. Kazini pia alikuwa hajaonekana. Na watu, ndugu zangu, waliimba vile vile! Walimwimba mtu ambaye hayupo. Wakanigeukia niwaongoze, nikafungua kinywa, sauti ikakataa. Nikazima meko, nikarudi nyumbani, nikapiga magoti kando ya kitanda. Nikaanza kujitetea mbele za Bwana: mimi ni mtani, na mtani hana kosa. Nilivyozidi kujitetea, ndivyo nilivyozidi kumwona Dama anavyonitazama pale bombani. Mwisho maneno yote yakaniishia. Nikasema tu, Bwana, nimemwua mtu kwa kinywa changu, nitoe. Nililia kama mtoto. Na nilipoinuka nilijua pa kwenda, ingawa sikutaka.

Nikabisha hodi kwa Chengo. Alikuwa amekaa kitandani, ndevu hazijanyolewa. Aliponiona akajilazimisha kucheka, maskini, kama desturi inavyotaka. Nikapiga magoti. Akashtuka.

"Inuka, mtani," akasema. "Mtani haombi radhi kwa mtani. Wataka watu wanione mimi ndiye mbaya?"

Nikamwambia, "Leo sikuja kama mtani. Nimekuja kama mtu aliyekukosea."

Hapo ndipo alipoacha kucheka. Alifunika uso kwa mikono yake akalia, na mimi nilikaa sakafuni. Baadaye akaniambia kwamba yeye amenisamehe, lakini aliyeumia zaidi yuko Mwakirunge.

Nikaenda Mwakirunge, siku nzima ya safari kwa miguu. Dama alikuwa kwenye mbuzi anakuna nazi. Hakuinua macho, alikuna mpaka kifuu kikawa kitupu. Nilisema yote, hata kicheko cha bombani. Akanijibu, "Mama Sidi, nimekusikia. Kukusamehe bado. Lakini umetoka mbali, kaa ule." Nikala chakula cha mtu ambaye hajanisamehe. Sijapata kula chakula kizito kama kile.

Jumamosi nilisimama uwanjani mbele ya watu wote, nikawaomba waache ule wimbo, nikasema ni dhambi yangu. Walinizomea. Wakanitungia na mimi wimbo, kwa sauti ile ile. Uliniuma! Lakini sikujibu, nami zamani nisingeweza kunyamaza hata kwa dawa. Ndugu zangu, huko ndiko kufunguliwa kwangu. Siku ile minyororo ilikatika.

Dama alirudi kwa mumewe baada ya miezi mitatu. Siku moja akaja kununua mahamri, akaniita dada, nikajua. Mmenipa ruhusa, Chengo na Dama, niwataje leo, na Mungu awabariki hapo mlipo.

Watu huniuliza, je, Chengo alifunga tena? Hapana. Msimu ule hakufunga hata goli moja, na mwaka uliofuata akaacha mpira. Na je, walipata mtoto? Mpaka leo bado. Sikuwaletea ushuhuda wa mambo hayo. Nilimwomba Mungu anitoe mimi, naye akanitoa. Yale niliyowavunjia wenzangu, mengine hayakurudi.

Kwa hiyo nakuambia wewe uliyekaa hapo na jina la mtu moyoni. Unasema ulikuwa mzaha tu. Unasema hata yeye alicheka. Mtumaini Bwana, atakupa miguu ya kwenda na kinywa cha kusema. Usingoje ibada iishe. Mlango uko wazi, na ukitoka sasa hivi kumwendea, hakuna atakayekucheka, na mimi wa kwanza sitakucheka.