Kofia ya Marehemu Mtandaoni

Shoga, weka mkono kifuani uape haya hayatoki mlangoni. Umeapa? Basi sikia, na ukimsimulia jirani msimulie yote, usimpunje. Pale kijiweni, nje ya kinyozi, Mama Kahawa alikuwa hana raha. Watu wa idara ya nyaraka za kale wamezipandisha mtandaoni picha za kale za reli, na anayeitambua sura ruhusa kuandika jina chini yake. Katika picha moja marehemu mumewe, aliyekuwa dereva wa treni, amesimama mlangoni mwa injini, kofia upande, kijana wa kutamanika. Nyingine hana, zote zilikwenda na mafuriko. Lakini kila akiandika jina la mumewe, kesho yake analikuta limefutwa, pameandikwa: Mzee Breki, dereva. Na Breki huyo, mstaafu wa reli anayeshinda hapo hapo kijiweni, maisha yake yote alikata tiketi dirishani.

— Ni kompyuta, alisema Kinyozi. Ikichoka inachanganya vichwa. Hata mimi hunitokea.

Fundi Saa akakataa. Kwake yeye picha ya kale ni behewa: ukiitikisa, waliomo hushuka, wakapanda wengine.

— Ndiyo maana wahenga wakasema haba na haba hujaza kibaba.

Hakuna aliyeelewa, wote wakaitikia.

— Mimi mnanisingizia, alisema Breki. Kwa macho haya, kikombe chenyewe nakipapasa. Nitaandikaje? Labda injini imenikumbuka tu.

Mama Kahawa akaona haya kumshuku mtu mzima asiyeona. Akammiminia kikombe kingine, cha bure, akarudi kwenye jiko lake. Ina maana mumewe atapotea mara ya pili, na safari hii hata maji hayapo ya kulaumiwa.

Ndipo akafika binti wa nyaraka, aliyeitwa kwa malalamiko ya Mama Kahawa. Akaamkia wazee, akaomba pa kukaa. Breki akajivuta kumpisha. Masikioni alikuwa na nyaya, anasikiliza habari, kwa maneno yake. Binti alipoketi akaukalia waya, ukachomoka, na simu iliyofichwa mapajani, ya aina ile inayowasomea wenye macho mabovu, ikapaza sauti kijiwe kizima:

— Jina la awali limefutwa. Jina jipya: Mzee Breki, dereva. Bonyeza kuhifadhi.

Kidole cha Breki kiliganda hewani. Vikombe navyo viliganda midomoni.

— Bonyeza, shemeji, alisema Mama Kahawa. Sote tunakutazama.