Ruhusa Aliyojiandikia Gatakaa

Mgeni wetu rasmi na Mkurugenzi wa Afya, Bi. Makandi; Chifu wetu; Mwalimu Muthamia; majirani mliotoka hata Mikinduri kuja kutusikiliza: Bwana asifiwe.

Sisi wanafunzi thelathini na mmoja wa darasa la jioni la watu wazima, Kikundi cha Ngwataniro, tunakushukuru, mgeni wetu, kwa kufika. Tumeiombea barabara yako tangu Jumatano, maana matope ya huku tunayajua. Mungu amejibu. Hata viatu vyako ni safi.

TULIKOTOKA

Tulianza miaka mitatu iliyopita katika chumba cha kanisa. Tunakuja tukishatoka shambani na sokoni, na wengine tuna wajukuu. Wakati huo mlango wa zahanati yetu ulikuwa na karatasi: mama anayetaka kupanga uzazi alete barua ya ruhusa kutoka kwa mumewe. Haikuwa sheria ya nchi, lakini hatukujua. Wengi wetu hatukuweza hata kuisoma. Tuliambiwa tu, tukarudi nyumbani.

Mwezi wa tatu mwaka huu, mwenzetu Gatakaa, mama wa watoto watano, alienda huko. Alipojifungua mara ya mwisho alitokwa na damu hadi akaongezewa ya watu watatu, na daktari akamwonya asishike mimba nyingine upesi. Mumewe, Murungi, alikubali mara moja. Shida ilikuwa kalamu.

“Andika wewe, mama Kawira,” alimwambia. “Mkono wangu unajua jembe.”

“Nijiandikie ruhusa yako?”

“Si wewe ndiye unasoma? Andika, mimi niweke kidole.”

Ilikuwa barua ya kwanza ya Gatakaa maishani. Muuguzi alimwambia aandike jina lake kwenye daftari, akalinganisha.

“Mama, huu ni mwandiko wako.”

“Ndiyo, daktari. Na anayezaa pia ni mimi.”

Alirudishwa.

TULICHOTENDA

Jioni ile Mwalimu hakutupa imla. Alipiga picha ile barua, tukaomba, kisha Gatakaa akaandika kwenye ukurasa wetu wa Facebook, kwa kidole kimoja, polepole: “Mimi Gatakaa, mama wa watoto watano, nimejiruhusu.”

Wanawake wakaanza kuandika barua zao kwa mkono na kututumia picha. Zilitoka Majengo, zikatoka hata Kianjokoma kule Embu, ambako mama mmoja, Ednah, aliandika: “Nami niliambiwa hivyo hivyo. Nimejiruhusu.” Kwa wiki mbili zilifika mia mbili na kumi na nne. Mwanamume mmoja alitucheka: “Wanafunzi wa a-e-i-o-u wanataka kumfundisha Mungu hesabu ya watoto!” Murungi alimjibu mwenyewe, kwa sauti aliyorekodi: “Ndugu yangu, wewe uliongezewa damu lini?”

Mgeni wetu, hatutaficha kosa letu. Mmoja wetu aliweka nambari ya simu ya muuguzi mtandaoni, na kwa siku mbili watu wakamtukana yeye na mama yake mzazi. Tuliifuta, tukaenda kwake watu sita kuomba msamaha. Alilia. Akasema, “Hiyo karatasi niliikuta hapo. Hata mimi naiogopa.” Tangu siku hiyo tunasema jambo, hatumwaniki mtu. Picha ya mama haiendi popote bila yeye kukubali. Na hakuna neno linalotumwa kabla halijaombewa.

Tarehe mbili mwezi wa sita, simu ilipigwa zahanati kutoka ofisi yako, kwamba karatasi iondolewe. Muuguzi yule yule aliibandua karatasi kwa mikono yake, na Gatakaa akadungwa sindano ya kupanga uzazi asubuhi hiyo. Tuliimba kutoka zahanati hadi sokoni, na wenye vibanda wakatoka nje wakaimba nasi. Sisi, tuliokuwa tukiweka vidole gumba!

KILICHOBAKI

Amri ile ilikuja kwa simu tu. Sasa muuguzi wetu yuko likizo, na aliyemshikia zamu amewarudisha akina mama wawili wakalete barua. Tulipomuuliza, alisema, “Nionyesheni palipoandikwa kwamba haihitajiki.” Hatumlaumu. Lakini sindano ya Gatakaa ni ya miezi mitatu, na Jumatatu ndiyo siku yake ya kurudi.

OMBI LETU

Tungeweza kuomba madawati, na tunayahitaji. Leo tumekubaliana kuomba kitu kimoja. Tumeandika tangazo, na Mwalimu amelisahihisha mara mbili:

“Mwanamke mtu mzima atahudumiwa hapa kwa neno lake mwenyewe. Akipenda kuja na mumewe, wakaribishwe wote wawili.”

Liko mezani mbele yako. Tunaomba ulitie sahihi na tarehe kabla chai haijaletwa. Gundi tunayo, na zahanati iko hapo ng’ambo ya uwanja. Twende pamoja, tukalibandike.

Mungu aliyemsikia Hana alipoomba mtoto, amsikie pia mama anayeomba kupumzika. Akubariki wewe na nyumba yako, amlinde muuguzi wetu, na akurudishe salama.

Ni sisi wanafunzi wako,
Kikundi cha Ngwataniro.
Imesomwa na Kajuju, katibu.