Nyuzi Ine za Éliakim na Kopo Moja

Pasta, bazazi, bajirani wa hapa Butembo na bale mumetoka Beni, mimi ni Kaswera Emérence, yaya ya marehemu, dada yake mukubwa, familia imenituma kusoma maisha yake, na yeye mwenyewe mbele ya kufa aliniapisha nisifiche kitu, donc muvumilie, nitasoma yote.

Muyisa Éliakim alizaliwa ku Masereka tarehe 11 mai 1968, mutoto wa kenda na wa mwisho wa balimaji wa viazi, alisoma primaire kule kule toka 1974 mpaka 1980, kisha akashuka Butembo kujifunza kushona, na ku 1986 akafungua atelier yake pembeni ya soko, na hee, vile alikuwa anakimbiza ile mashini na miguu, ulimuletea kitambaa asubui, mangaribi unavaa suruali. Tarehe 7 août 1993 alioa Kyakimwa Joyeuse wa Vuhovi, Mungu akabapatia batoto babili, bale banakaa pale mbele.

Mwezi wa novembre 1996, vita ikiwa imefika, alikuwa anatoka kupeleka uniforme za masomo ku Beni, risasi ikamupata ku paja ndani ya njia, akalala hopitali miezi ine, bakamupiga shindano za kutuliza maumivu, kidonda kikapona, lakini mwili ukabakia kuomba ile shindano, na wakati ule wa vita ampule za ile dawa zilikuwa zinauzishwa ovyo kama bisikuti. Akaanza kujipiga mwenyewe ndani ya atelier, pamoja na barafiki batatu, Kamate, Maliro na Jean-de-Dieu, soko yote inabajua.

Hapana kusema alikuwa mujinga. Redio ilisema SIDA, ule ukimwi, inapita ku shindano, basi fundi wetu akafunga uzi ku kila seringe, ile bomba ya shindano, mwekundu wake, wa buluu wa Kamate, wa kijani wa Maliro, mweupe wa Jean-de-Dieu, na aliyegusa ya mwenzake, walai, ilikuwa fujo. Lakini zote ine balikuwa banazichovya ndani ya kopo moja ya maji, yale yale ya kuchanganya dawa na ya kuosha damu, miaka ine mizima, na hakuna mutu aliyeangalia ile kopo.

Tarehe 2 juin 2001 Jean-de-Dieu akafa, Éliakim akaingiwa na woga, akaenda kupimwa kwa muuguzi, infirmière Rébecca, virusi vikaonekana, na alipomuelezea mambo ya nyuzi, kwa majivuno kabisa, mama Rébecca akamuuliza, na maji munachota wapi? Alirudi nyumbani, hakula, akazunguka ndani ya parcelle, kiwanja chake, mpaka Kyakimwa akamushika mukono.

Toka siku ile hakukaa. Kyakimwa na batoto balipimwa, Mungu asifiwe, bako bazima. Yeye, na ule muguu wa kuchechemea, kila asubui alikuwa kwa Kamate, kisha kwa Maliro, anabapelekea seringe mpya za mama Rébecca, anarudisha zile za kwisha kutumika, kila mutu na kopo yake, kila mutu na maji yake ya kuchemsha, na pole pole yeye mwenyewe akaacha kujipiga ile dawa. Seringe balipokea, kupimwa balikataa, siku zingine bakamufungia mulango. Septembre 2002 kifua kikuu kikamulalisha, na tarehe 19 janvier 2003, saa tano ya asubui, alikufa mikononi mwangu, akiniuliza kama Maliro alishaenda kupimwa.

Tunashukuru badocteur, mama Rébecca, mafundi wa soko, na bajirani mulioleta kuni na maji, wasingya, aksanti. Mais siku mbili za kilio hiki naona munakuja na makopo yenu ndani ya mifuko, juu munaogopa chai ya kwetu. Haya gani hii! Chai haiambukize mutu. Kopo ya kuogopa ilikuwa ile ya atelier, na ile hakuna aliyeiogopa.

Kamate, Maliro, ninabaona nyinyi babili kule nyuma. Kesho saa mbili mama Rébecca anabangojea, nitabapitia mimi mwenyewe, na mukifunga mulango nitakaa hapo inje mpaka mufungue.

Hii ni kopo ya chai ya Éliakim, muangalie, ninakunywa. Pumzika kwa amani, ndugu yangu, kwa Maliro nitaenda.