Papa Adalbert Cirhuza na Mtihani wa Miaka Mitano

Leo Ijumaa, tarehe 31 Oktoba 2003, Papa Adalbert Cirhuza anamaliza miaka thelathini na miwili ya kazi katika Taasisi yetu ya Ziwa, hapa Bukavu. Aliingia mwaka wa 1971, kijana kutoka Walungu mwenye suruali moja nzuri na mwandiko mzuri kuliko suruali. Anatoka akiwa katibu wa bourse na katibu wa jury, baba wa watoto saba, na mtu pekee hapa ambaye walinzi wa gati hawajawahi kumsimamisha.

Maprofesa walitaka wasifu huu uandikwe kwa Kifaransa. Yeye akakataa, akasema uwe wa Kiswahili ili mama Eulalie, mke wake, ausome mwenyewe bila kutafsiriwa na mtu. Ndiyo sababu kazi imeniangukia mimi wa gatini, mtu wa Moba, niliyekuja huku mwaka wa 1997 kwa kazi ya miezi mitatu, kazi ikarefuka, kisha vita ikanifungia njia ya kurudi. Shule yangu iliishia msingi. Lakini kamba za boti nimezivuta mbele ya macho ya huyu mzee, na niliyoyaona nimeyaona.

Kwa wageni walio pamoja nasi: bourse aliyoisimamia Papa Adalbert si ile ya kila mwanafunzi. Ni ruzuku ya Serikali kwa elimu ya mambo ya jeshi la maji. Nchi yetu ina bahari kidogo na maziwa mengi, na Serikali iliona kwamba jeshi hilo linahitaji watu wa kupima kina, kuchora ramani za chini ya maji na kutengeneza injini. Ikaleta fedha katika vyuo vikuu. Kwetu zilinunua boti ya utafiti na vyombo vya kupimia, zikalipia pia masomo ya vijana wachache. Sharti lilikuwa gumu: mwishoni kila kijana aendeshe boti mwenyewe hadi upande wa kisiwa cha Idjwi, apime kina, arudi, na ofisa wa jeshi la maji aliyetumwa na mwenye kutoa ruzuku awe humo botini akishuhudia. Ofisa huyo alikuwa pia mmoja wa wajumbe watatu wa jury, yaani jopo la watahini. Bila ofisa, hakuna diplome.

Kinshasa na ziwa letu havikujuana sana. Mwaka mmoja lilifika sanduku zito la vitabu vya saa za maji kupwa na kujaa, vitabu vya watu wa pwani ya Atlantiki. Ziwa Kivu halipwi wala halijai. Wengine walitaka kuviwashia moto. Papa Adalbert aliwapigia simu Kinshasa, akashukuru kwa adabu yote, akasema: "Vitabu vimefika salama. Sasa tunangojea bahari."

Kwa boursiers, yaani vijana wa ruzuku hiyo, alikuwa baba mwenye kelele. Hakuna aliyepanda boti na njaa. Alisimama gatini na mwavuli wake, mvua iwepo isiwepo, akiuliza kila mmoja: "Ulikula? Uji kwanza, science baadaye." Vita ya kwanza ilipoingia mjini mwaka wa 1996 na watu wakaanza kubeba kila kilichobebeka, alichukua chombo cha kupimia kina, akakizika ndani ya gunia la maharagwe la mama Eulalie. Wanajeshi walichukua kuku na redio. Maharagwe waliyaacha, kwa sababu yalikuwa mazito.

Lakini kazi yake kubwa ni ile ya vita ya pili.

Mwezi wa saba mwaka wa 1998 jury ilifungua kikao cha mtihani kwa vijana sita. Ofisa wa Kinshasa alikuwa aje kwa ndege katika Agosti. Tarehe mbili Agosti vita ikaanza. Ndege haikuja, bourse ikakatika, na mji wetu ukajikuta upande wa pili wa nchi iliyopasuka. Vijana sita walikuwa wamemaliza masomo yote, wamebakiza ziwa tu.

Haukupita muda, utawala mpya wa waasi walioushika mji ukatuma ofisa wake. Aliingia ofisini na vijana wawili wenye bunduki, akaketi bila kukaribishwa.

"Muzee, État, Serikali, ni siye sasa. Mimi ndiye nitakaa mu jury."

"Hakuna shida, afande," Papa Adalbert akamjibu. "Kama ni nyinyi État, bourse ya batoto iko wapi? Mwezi wa munane wote hawajapata kitu."

Vijana wa bunduki walicheka. Mkubwa wao hakucheka. Papa Adalbert akamweleza desturi ya jury: kikao kikishafunguliwa, viti havibadilishwi mpaka kifungwe. Kile cha ofisa kilikuwa cha yule aliyetoa ruzuku, na hata kikikaa tupu ni cha kwake. Kwa maelezo hayo aliwekwa ndani siku kadhaa. Mama Eulalie alipeleka chakula kila siku, na kila siku aliulizwa kama mume wake ni mwendawazimu. Alijibu kwamba ndiyo, tangu walipooana.

Alipotoka, miguu mitupu, alikwenda moja kwa moja kwa Profesa Philémon, rais wa jury, kumkumbusha upande wa pili wa desturi ile: wajumbe wasipoketi angalau mara moja kila miezi mitatu, kikao kinakufa chenyewe, na yeyote mwenye nguvu anaweza kufungua kingine na watu wake. Basi wakaanza kuketi. Walifungua, wakaulizana kama ofisa amefika, wakaahirisha, wakala maharagwe, wakaenda nyumbani. Mhandisi Jean-Marie, mjumbe wa tatu, alikuwa amehamia Lwiro. Alikuja juu ya malori ya makaa, mara nyingine kwa miguu, kwa kazi ya nusu saa. Siku moja risasi zilianza kulia juu ya mji wakiwa wamekwisha kufungua. Waliingia chini ya meza, watu wazima watatu, na Papa Adalbert akauliza humo humo, "Ofisa amefika?" Profesa akasema, "Nadhani ndiye anapiga hodi."

Nisiseme kwamba wote walimpenda kwa jambo hili. Watu wazima waliahirisha, vijana ndio waliolipa. Utawala mpya ungewapa diplome ndani ya juma moja. Bintu, msichana pekee kati yao, aliuza sambaza, samaki wadogo wa ziwa, sokoni Kadutu. "Niko mu ziwa tayari, Papa," alimwambia, "ila kwa upande wa sahani." Destin alikwenda Bunyakiri kufundisha shule ya msingi, akilipwa kwa mihogo. Na Ulrich alikuja gatini siku moja na hasira iliyoiva.

"Papa, we unachunga kiti ya mutu wa Kinshasa, siye tunazeeka! Utatupatia diplome ku kaburi?"

"Nitakupatia ile hakuna mutu atauliza ni nani aliisaini."

Ulrich alitema mate majini, akaondoka. Mzee alibaki pale na mwavuli wake, na nilijua kwamba hana hakika. Mtu mwenye hakika hasimami hivyo. Hata hivyo miezi mitatu ilipotimia, aliwaita wajumbe tena.

Mwaka huu nchi ilianza kushonwa, na mwezi uliopita ofisa wa jeshi la maji akashuka kwa ndege kutoka Kinshasa. Papa Adalbert alipangusa kile kiti kwa kitambaa chake mwenyewe. Vijana wote sita walirudi, mmoja akiwa na mvi. Bintu aliendesha boti kana kwamba jana tu ndipo alipoiacha, akawashinda wote. Ulrich alifaulu, akamkumbatia mzee hadi miwani ikaanguka. Wanne, watano wakapita.

Wa mwisho alikuwa Destin. Hapa msomaji ajue kwamba Destin ni mtoto wa dada yake Papa Adalbert, yatima aliyelelewa na mama Eulalie. Upepo ulikuwa umeamka. Upepo ukiisukuma boti, kamba ya kupimia huinama, na ukiisoma bila kutoa ule mwinamo, unaambiwa kina kikubwa kuliko kilichopo. Kila boursier anafundishwa hilo mwaka wa kwanza. Miaka mitano ya Bunyakiri ilikuwa imelifuta. Destin alisoma kamba jinsi ilivyokuwa, katika vituo vyote, akatangaza kwa sauti ya furaha.

Ofisa wa Kinshasa ndiye aliyesema kwanza: "Tumuhurumie, bwana. Vita imekula miaka yake." Profesa Philémon akamtazama katibu. Katibu hana kura, lakini baada ya miaka mitano ya maharagwe walikuwa wamezoea kumtazama yeye.

Papa Adalbert alikohoa. "Kama ni ya huruma," akasema, "tungewapa diplome zote mu quatre-vingt-dix-huit, mwaka ile vita ilianza."

Kikao kikafungwa, watano wakiwa na diplome, na Destin akapangiwa mtihani wa marudio Januari. Nyumbani, mama Eulalie alipika kama kawaida, ila chakula cha mzee alikiweka mezani peke yake, bila mtu wa kula naye. Kwa majirani wa Nyawera alisema: "Ule muzee, moyo yake ni chuma ya boti." Mama, usinikasirikie, nimeandika ulivyosema.

Tangu siku ile Destin anafanya mazoezi gatini nami. Mimi najua kuvuta kamba, sijui kufundisha. Na katibu wa jury haruhusiwi kumsaidia mtahiniwa, hata kwa kumwonyesha kwa kidole. Kila asubuhi mzee anapita, anasimama, anaona kijana akikosea, na hasemi. Nimeutazama mkono wake ndani ya mfuko wa koti, unavyojipinda kufuata mwinamo wa kamba.

Papa Adalbert, Taasisi inakushukuru kwa ziwa, kwa vijana zaidi ya mia uliowafikisha, na kwa kiti ulichokilinda. Mungu akupe afya, usingizi usio na milio, na mama Eulalie mezani pamoja nawe. Saa kumi leo jioni unaacha kuwa katibu. Kesho ni Watakatifu Wote. Baada ya misa ya kwanza boti itakuwa tayari, Destin atakuwa ndani yake ameshika kamba, na wewe, Papa, utakuwa na ruhusa ya kumwambia.