Dada Ozella na Begi Lililotangulia

Dada yetu mpendwa Ozella Tatum alizaliwa tarehe 9 Machi 1944 mjini Clarksdale, Mississippi, mtoto wa kwanza wa Mzee Amos Bright na Mama Lurlean. Mimi ninayesoma ni Verlene, kitinda mimba wao. Nikikwama, mnivumilie.

Alimaliza sekondari mwaka 1962, na wiki hiyohiyo akapanda basi kuja Memphis, boksi la viatu lenye kuku wa kukaanga likiwa mapajani. Kijana wa kiti cha pili akamwuliza, "Dada, huyo kuku ana mwenyewe?" Akajibu, "Anaye, na anakutazama!" Kijana huyo ndiye Clyde Tatum. Walifunga ndoa mwaka 1966, wakajaliwa mtoto mmoja, Lavelle. Clyde alifariki mwaka 2003.

Dada alikuwa mpishi wa shule hapa Memphis mpaka alipostaafu. Kila likizo alipanda basi, Detroit, Atlanta, popote penye ndugu, maana ndege ilimtisha kuliko shetani. Mnajua stesheni zetu: unaweka begi sakafuni likushikie nafasi kwenye foleni, na ukitoka kidogo, aliye nyuma yako analisukuma mbele. Dada alisukuma mabegi ya watu asiowajua, na akikuona umesimama tu anakufokea, "Wewe, sukuma begi la mwenzio! Mikono imekufa ganzi?" Lavelle alilelewa hivyo.

Moyo ulianza kumsumbua Septemba 2019. Novemba daktari akatuambia tuwaite watu. Dada alimtaka mmoja tu, Lavelle, aliyeko Dallas. Naye ndege hapandi, karithi. Alipofika Little Rock kubadili basi, aliweka begi kwenye foleni, akatoka nje kumpigia mama yake. Mimi nilimshikia dada simu sikioni.

"Mama, jioni hii utaniona."

"Begi umemwachia nani?"

"Liko kwenye foleni, Mama. Wenzangu watalisukuma."

"Haya, mwanangu. Fanya haraka."

Wakalisukuma kweli. Wakalisukuma mpaka mlangoni, likapakiwa, na basi likaondoka huku Lavelle akilikimbilia na kupiga kelele. Hakuna aliyemtendea ubaya. Hilo ndilo linaloniuma, jamani, sina hata wa kumgombeza! Basi lililofuata lilikuwa la asubuhi.

Hapa Memphis nilitazama abiria wakishuka mpaka wakaisha. Likashushwa begi. Sikujua la kufanya, nikalibeba mpaka hospitali. Dada akatazama mlangoni, nyuma yangu.

"Yeye yuko wapi?"

"Yuko njiani, dada."

Ndani ya begi mlikuwa na boksi la viatu. Lavelle alikuwa amemkaangia mama yake kuku. Dada hakuweza kula. Akasema, "Liweke begi kwenye kiti hicho. Mtu asikae." Tukaliweka. Tukabaki kutazama saa, na mlango, na kifua chake kikipanda na kushuka. Hakukuwa na kitu cha kusukuma.

Alifariki Alhamisi, tarehe 14 Novemba 2019, asubuhi. Lavelle aliingia mchana. Begi lilikuwa bado kwenye kiti.

Marehemu ameacha mwanawe Lavelle, wajukuu wawili, Tamia na Deshawn, na mimi mdogo wake.

Dada, umetutangulia kwenye foleni. Tushikie nafasi, nawe upumzike kwa amani.