Heri Kuambiwa Hayupo

Mheshimiwa Mganga Mkuu, waheshimiwa wajumbe wa bodi ya hospitali, madaktari, wauguzi, familia ya mstaafu wetu, na ninyi ndugu mliokaa karibu na mlango ili muwahi kutoka: nawasalimu kwa vyeo vyenu, na wasio na vyeo nawasalimu zaidi, maana tuko wengi.

Mimi ni fundi viatu wa hapo nje ya geti. Mstaafu ameomba niseme machache kwa sababu, kwa maneno yake, mimi ndiye mwanamume pekee aliyewahi kubeba mimba katika mfumo wake.

Nieleze. Kompyuta za zahanati zilipounganishwa na za hospitali, huyu mama, mstaafu wetu, ndiye aliyeufundisha mfumo kutafuta. Majibu ya vipimo huja na namba ya kadi tu. Mfumo unaichukua namba ile, unaitafuta kwenye orodha ya wagonjwa, ukiipata unarudi na namba ya simu, na ujumbe unatumwa. Hapo hata mimi ningeweza. Kazi iko kwenye kuuambia ufanye nini ukikuta watu wawili, au usipokuta mtu kabisa. Na kwa haraka ya siku ya uzinduzi, aliuambia: ukikuta wengi, chukua wa kwanza.

Sasa, zahanati nyingine zilituma majibu bila namba ya kadi. Nasi wazee tulioandikishwa zamani hatukuwa na namba. Mfumo ukachukua patupu, ukakuta patupu kwenye orodha, ukaridhika kwamba vimefanana. Na katika sisi tusio na namba, wa kwanza nilikuwa mimi. Sijawahi kuwa wa kwanza popote, hata shuleni.

Ujumbe ukaanza kuingia. Mmoja uliniita kliniki ya wajawazito, nije na mwenzi wangu. Mke wangu akausoma, akavua miwani.

"Mimi siendi," akasema. "Aliyekupa mimba ndiye akusindikize."

Baadaye nikatakiwa kumpeleka mwanangu chanjo. Mwanangu ana mvi. Majirani wakanipongeza, tukacheka, mpaka ukaja mwingine: majibu yako yametoka, fika leo, usingoje siku ya miadi.

Mke wangu hakucheka. "Baba watoto, umepimwa nini?"

"Sijapimwa."

"Basi kuna mtu kapimwa."

Ndugu wageni waalikwa, nani kati yetu hajawahi kujiambia kwamba kimya ni habari njema?

Nikaja dirishani. Karani wa mapokezi akaniambia, "Mzee, mfumo unasema ni wewe." Nikamwambia mfumo unasema pia nina mimba. Akasema, "Basi tuanze na hiyo."

Ndipo huyu mama akatoka ndani. Angeweza kuzilaumu zahanati. Angeweza kuulaumu mtandao, ambao hapa hubeba lawama za wote. Akatazama kioo cha kompyuta, akatazama simu yangu, akasema, "Kosa langu, baba. Niliuambia uchukue wa kwanza." Akazima utumaji wa ujumbe mbele ya mkubwa wake, aliyekuwa akisema usizimwe. Mkubwa huyo amekaa safu ya mbele, na viatu alivyovaa nimevipiga rangi mimi, kwa hiyo hatuna ugomvi. Kisha mama akazipigia simu zahanati, moja baada ya nyingine, akiuliza damu ile ilitoka kwenye mkono wa nani. Jioni ikamkuta anabisha hodi kwa muuza mitumba aliyekuwa akifunga robota lake kwa raha, kwa kuwa hakuna aliyemtumia ujumbe wowote.

Muuza mitumba huyo yumo humu. Hatanyoosha mkono, ameshanikataza nisimwonyeshe. Alitibiwa kabla mambo hayajaharibika, na mpaka leo ananiletea viatu viwili vya mguu wa kushoto akidai ni jozi.

Tangu siku ile mfumo haubahatishi. Usipokuta mtu, au ukikuta wengi, unasema hayupo, unaweka jambo lile kwenye kapu, na kila asubuhi kabla ya chai watu wenye macho wanalipitia. Ndipo mkamwita Mama Hayupo. Nyie mlikuwa mnamtania. Mimi nilidhani ni cheo.

Nasikia, maana anayengoja kiatu huongea, kwamba akishaondoka kapu litaondolewa, turudi kwa wa kwanza, kwa kuwa kapu linachelewesha ripoti. Waheshimiwa, ripoti zitapendeza. Hazitakuwa na pengo hata moja. Mapengo yote nitakuwa nimeyajaza mimi. Mteja akija kwangu amepoteza alama ya kuchukulia kiatu chake, je, nimpe kiatu cha kwanza kwenye rafu ili tu rafu ionekane safi? Sina elimu ya kuwakataza. Naomba kitu kidogo tu: atakayeliondoa kapu, namba yake ya simu ikae pale palipokuwa na yangu, wa kwanza.

Mama, nimekuletea viatu vyako. Nimevitia soli mpya, maana mstaafu hutembea kuliko mwajiriwa.

Nanyi mnaobaki, kesho kwa mazoea nitapita ofisini kumuulizia. Msinipe wa kwanza mtakayemkuta kwenye kile kiti. Niambieni tu hayupo, nami nitajua niende kumtafuta kwake.

Ahsanteni kwa kunivumilia. Walio karibu na mlango, sasa ruksa.